Nyumba Yako Bado Imesimama

Ha Tlhoriso, Mokhotlong
Mwishoni mwa Julai

Kaka yangu Malefetsane,

Pokea salamu nyingi kutoka huku juu, kwangu mimi mdogo wako Puseletso na kwa Mama, ambaye ameketi hapa kando ya moto akinihimiza niandike herufi kubwa kubwa ili usije ukasingizia kwamba hukuweza kusoma. Tunatumaini barua hii itakukuta mzima, kifua kimetulia, na vumbi la mgodi halikusumbui kama mwaka jana. Wifi yangu Matumelo hajambo? Watoto nao? Sisi huku tu wazima. Magoti ya Mama yanamuuma kama kawaida, ila ulimi wake hauumwi hata kidogo, kama utakavyoona mbele.

Najua mmeshasikia habari za theluji. Dereva wa lori la dukani, ambaye ndiye nitakayempa barua hii, anasema redio ya huko Welkom ilitangaza kwamba watu wa milimani tumefukiwa wote. Nikakuona kabisa ukizunguka chumbani kwako bila kulala. Basi nitangulize lililo kubwa: tuko hai, na nyumba ya Mama haijapoteza hata unyasi mmoja. Mengine yasome ukiwa umekaa.

Unakumbuka tulivyoagana siku zile za Pasaka. Ulisema mji usio na mwanamume hauwezi kuvuka baridi ya huku, kwamba kondoo wauzwe na Mama ashushwe Maputsoe akakae kwa Baba mdogo Khethisa. Nikakuomba unipe baridi hii moja. Ukajibu, "Moja tu, Puse, na ikikushinda usinilaumu," kisha ukapanga na Baba mdogo aje njia ya mlimani itakapofunguka, awaswage kondoo hadi mnadani. Sikubishana nawe. Mwanamke aliyerudi kwao kutoka kwa mume na sanduku moja hana sauti kubwa uani, hata kama uani penyewe ndipo alipozaliwa. Lakini nilijiambia moyoni kwamba baridi hiyo moja nitaishika kwa mikono miwili.

Ulipoondoka tu nilianza na paa la Mama. Nyasi za upande wa kusini zilikuwa zimelika hadi unaona mwanga kupitia humo. Nikakata nyasi na kina mama wenzangu, tukaezeka upya, halafu nikapitisha kamba nene juu ya paa zima na kuzifungia mawe makubwa pande zote, mawe ambayo niliyaviringisha mwenyewe kutoka mtoni. Siku hiyo jirani yetu Ntate Seabata alikuwa anapita na farasi wake. Alisimama akatazama muda mrefu, kisha akaniuliza, "Dada, hiyo nyumba unaifunga kamba, imewahi kutoroka?" Nikamwambia, "Haijatoroka, Ntate, na ndivyo ninavyotaka ibaki." Jioni alipofika kwenye pombe akawasimulia wenzake kwamba dada yake Malefetsane amefunga nyumba kama ng'ombe mkorofi, na tangu siku hiyo kila niliyekutana naye kisimani aliniuliza kama nyumba imeshakunywa maji.

Yeye Ntate Seabata, kama ulivyoona ulipokuja, alikuwa ameshaziondoa nyasi zake akaweka mabati mapya. Yaling'aa mpaka ukiwa upande wa pili wa bonde ulilazimika kukinga macho. Mkewe, Mme Mankhetheng, alikuwa akinong'ona kwamba misumari ilipungua, lakini nani angemsikiliza.

Nikakausha samadi na kuipanga ndani, ukuta mzima kuanzia chini hadi juu, mpaka Mama akalalamika kwamba uzeeni ameozwa samadi. Unga nikausogeza ndani, mbaazi, maji kwenye kila chombo. Halafu nikafunga kamba kutoka kwenye mlango wetu hadi lango la zizi. Hiyo hata Mama aliicheka.

Theluji yenyewe ilikuja asubuhi. Nilitoka kutazama kondoo nikaona farasi wote wa kijiji wamegeuza migongo upande mmoja, hawali, wanasubiri. Milima ilikuwa imepotea, si mawingu, imepotea tu kama kitu kilichofutwa. Kisha upepo ukatoka kusini. Kaka, wewe umezaliwa huku na unajua upepo wetu, lakini huu haukuwa ule unaoujua. Theluji haikuwa inaanguka, ilikuwa inapita. Ilipita mbele ya mlango kama mto, na kabla ya saa sita sikuweza kuliona zizi, mahali ambapo siku za kawaida ningeweza kumtemea mate kondoo.

Nikamwambia Mama kwamba nakwenda kuangalia mifugo. Akanitazama, akachukua kamba nyingine, akanifunga kiunoni kwa mikono yake, akakaa kizingitini na blanketi lake akiwa ameshika ncha. Akasema, "Ukivuta mara mbili nitajua uko hai. Usipovuta nitakufuata mwenyewe na magoti yangu haya, tukafe wawili kwa ukaidi wako." Nikatoka nikiishikilia ile kamba ya mlangoni, ile iliyochekwa, nikitembea kama kipofu.

Zizini nilikuta kitu kilichonitia baridi kuliko ile baridi. Kondoo walikuwa wamejibana chini ya ukuta wa kusini ili kukwepa upepo, na theluji ilipokuwa ikiruka ukuta ilikuwa inatua pale pale, juu yao. Wale wa nyuma niliona migongo yao tu. Wale wa kwenye kona sikuona chochote, isipokuwa matundu madogo kwenye theluji ambayo pumzi yao ilikuwa imeyayeyusha. Nikaelewa kwamba zizi lililowalinda tangu enzi za baba yetu ndilo litakalowaua, na kwamba kabla ya jioni wangekuwa wamefukiwa wazima. Nilianza kuwachimbua kwa mikono na beleshi. Kila niliyemtoa alirudi pale pale kwa wenzake. Nilipiga kelele, nikawapiga, nikalia pia, sitakuficha, maana nilikuwa nakuona wewe ukisema baridi imenishinda.

Hapo ndipo niliposikia mlio mkubwa kama ngurumo ndefu, na bati zima likapita juu ya kichwa changu likiruka kama ukurasa wa gazeti. Likafuatwa na jingine. Nikavuta kamba mara mbili ili Mama asiinuke, nikarudi nyumbani.

Sikukaa sana kabla ya kumwona Ntate Seabata akitokea kwenye ule weupe, amembeba mkewe nusu na kumburuta nusu, na nyuma yao mke wa mwana wao, Hlompho, akiwa na mtoto wake mdogo ndani ya blanketi. Paa lao lilikuwa limeondoka lote. Wanawake waliingia moja kwa moja hadi kando ya moto. Yeye alisimama nje ya mlango, theluji imemjaa kwenye nyusi, akiyatazama mawe yangu na kamba zangu. Hakuingia. Mama akamwambia, "Seabata, ukitaka kuona haya, ione ndani. Unatuingizia baridi."

Akaingia. Akanywa uji wa mtama vikombe viwili bila kuinua kichwa. Kisha akaniuliza kondoo wako wapi, nikamweleza. Akaweka kikombe chini na kusema, "Mbuzi wangu nao wako uani, wamesimama kwenye theluji kama wajinga. Twende, dada. Wewe ndiye unayejua pa kuwapeleka." Na kwa kweli nilikuwa najua. Nilikuwa nimeshalifikiria tangu nikiwa zizini, ila nilikuwa naogopa hata kulitaja kichwani mwangu.

Tulifanya kazi mchana wote. Yeye alichimbua na kuwavuta kwa pembe na manyoya, mimi niliwapokea na kuwasukuma mbele kwenye kamba, mmoja mmoja, na lile dume kubwa alilibeba mabegani, huku likimpiga kwato kifuani na yeye akilitukania ukoo. Mme Mankhetheng, ambaye tangu nimfahamu hajawahi kuinua sauti, alitoka na blanketi lake kichwani akasimama katikati ya njia akiwaita kondoo kwa sauti ambayo nina hakika ilisikika ng'ambo ya mto. Tulimpoteza yule jike mzee mwenye sikio lililochanika, alikuwa chini kabisa ya wenzake. Wengine wote, Kaka, wote, walilala pakavu siku hiyo na siku zilizofuata mpaka anga ilipofunguka.

Lilipotoka jua, bonde zima lilikuwa kimya na lenye kuumiza macho. Kisha tukaanza kusikia habari. Upande wa juu kuna waliopoteza mazizi mazima. Paa la duka limeanguka juu ya magunia. Nyumba mpya ya Ntate Mokete, ile iliyojengwa na fundi wako, paa lake lilibonyea katikati likaangukia kitanda chake, na bahati yake alikuwa amekwenda kulala kwa kaka yake. Mtu hakufa kijijini kwetu, na kwa hilo tunashukuru. Chifu alipita nyumba kwa nyumba na farasi wake akizama hadi tumboni. Alipofika kwetu akauliza, kama alivyouliza kila mahali, tumepoteza wangapi. Nilipomwambia mmoja, alidhani sikumsikia, akauliza tena. Ntate Seabata akamjibu kwa niaba yangu. Alisema, "Mmoja, Morena. Na mimi sikupoteza hata mbuzi. Tuliwaweka anapopajua huyu dada." Kisha akakohoa na kuongeza, akitazama pembeni, "Na ile nyumba haikutoroka."

Sasa kaa vizuri, Kaka. Kama umesimama, kaa.

Tuliwaweka kwenye nyumba yako.

Nasema ile nyumba yako ya pembe nne, yenye vioo na rangi ya maziwa, ambayo ulinikabidhi ufunguo wake na kuniambia nifungue mara moja kwa mwezi, nipanguse vumbi na nifunge. Sikuwa na mahali pengine penye kuta na paa pa kuwatosha. Nilifungua mlango wa mbele kwa ufunguo huo huo, na kondoo wa kwanza alipoiona sakafu ya vigae inavyong'aa alidhani ni barafu, akakataa katakata kuingia, na walio nyuma wakaanza kugeuka. Ntate Seabata akaniuliza hamna kitu cha kutandika. Kilikuwepo. Lile zulia lako jekundu lilikuwa limekunjwa nyuma ya kabati. Tulilikunjua mimi na yeye, kutoka mlangoni hadi ukutani, na wakaingia juu yake kama wageni wa harusi.

Walijaa sebuleni na vyumbani. Dume lilijichagulia chumba chako na halikuruhusu mwingine aingie. Kondoo ni watu wa heshima, walikaa chini, lakini mbuzi wa Ntate Seabata unawajua mbuzi, walipanda kwenye makochi, na mmoja alisimama juu ya kabati la vyombo kwa muda wote huo akitazama dirishani. Makochi yalikuwa bado kwenye nailoni zake, nailoni imewaokoa. Zulia halikuokoka.

Usiirarue barua, kuna jambo unalopaswa kulijua. Tulipokuwa tunafunga mlango, Ntate Seabata aliinua kichwa akasikiliza. Mbao zilikuwa zinalia. Paa lako ni bapa, Kaka, limelala kama mkeka, na theluji haikuwa na pa kuteremkia. Akasema paa hili halitafika kesho. Na chini yake kulikuwa na mali yetu yote na yake. Theluji ilikuwa imejaa nyuma ya nyumba kama mlima, tukaupanda huo hadi juu ya bati, tukajifunga kamba, yeye huku na mimi kule, tukaanza kuisukuma chini. Alitumia beleshi. Mimi nilitumia sinia lako kubwa la shaba, lile la ukutani, nisamehe na hilo pia. Upepo ulitulaza chini mara kwa mara. Tuliposhuka, mbao zilikuwa zimenyamaza. Theluji ikajaa tena, tukapanda tena, na tulipochoka akapanda Mme Mankhetheng na Hlompho, huku Mama akimbembeleza mtoto na kuwaamrisha kutoka mlangoni sehemu ambazo hawajafikia.

Ndiyo maana nimekutajia nyumba ya Ntate Mokete. Kama sebule yako ingekuwa tupu na safi kama ulivyoniachia, nani angepanda juu ya paa lile katika upepo ule? Nisingepanda kwa ajili ya makochi, nakwambia kweli. Tulipanda kwa ajili ya kondoo, na nyumba yako ikaponea hapo.

Natamani ungekuwepo asubuhi tulipowatoa. Jua lilikuwa limewaka, kijiji kizima kilikuwa nje kikichimba njia, na mimi nikafungua mlango wako wa mbele, vipande vyote viwili, kushoto na kulia. Dume lilitoka kwanza, likasimama kwenye ngazi kama mwenye nyumba, na nyuma yake wakamwagika kondoo wote, kisha mbuzi, mvuke ukiwatoka migongoni. Watu waliacha mabeleshi. Mtu mmoja akaanza kucheka, wakacheka wote, kicheko cha watu ambao kwa siku kadhaa walikuwa hawana hakika kama watacheka tena. Mama alipiga vigelegele mpaka akakohoa. Mimi nilisimama kizingitini pako na fagio mkononi, nikajiona mrefu. Sijajiona hivyo tangu nilipoolewa.

Baba mdogo Khethisa alifika juzi, njia ilipofunguka, na kamba zake na mbwa wake wa kuswagia, amekunja uso tangu mlimani kwa ajili ya maafa aliyotarajia kuyakuta. Alizunguka zizi. Akawahesabu, akarudia. Akaingia nyumbani kwako na kutoka akiwa ameziba pua. Alikunywa chai kwa Mama, na hiyo ndiyo siku niliyokuwa naiogopa tangu Pasaka. Mwishowe akaniambia, "Mwandikie kaka yako. Mwambie nilikuja kuchukua kondoo wa mji usio na mtu, na nimeukuta una mtu." Asubuhi akapanda farasi wake akashuka mikono mitupu. Kwa hiyo, Kaka, kondoo hawauzwi, Mama haendi Maputsoe, na mimi sihami. Sikuombi hilo kama nilivyoomba Pasaka. Nakuarifu.

Limebaki moja. Nimelisukuma hadi mwisho kwa sababu Mama alisema ukishaweza kumeza zulia, hili litateremka lenyewe. Tulipomaliza kuosha sakafu yako, mimi na Mme Mankhetheng na Hlompho, kwa maji ya moto na majivu, nilimpa Ntate Seabata ufunguo. Paa lake halipo, na hawezi kuezeka kabla baridi haijakwisha. Wako humo sasa, wote wanne. Amekubali kwa taabu, na amesema safari hii anaezeka nyasi, na atakuja kuazima mawe yangu. Moshi unatoka kwenye dohani lako tangu wiki iliyopita. Mtoto wa Hlompho anajifunza kutambaa kwenye vigae vyako, anateleza, anaanguka kifudifudi, anaendelea.

Mama anasema nikuandikie maneno haya kama anavyoyatamka, nisiongeze wala kupunguza: "Mwanangu, umejenga nyumba miaka yote hiyo na hakuna aliyewahi kulala humo. Nilikuwa naitazama kila asubuhi naona kaburi lenye madirisha. Sasa inanuka kondoo na maziwa ya mtoto, na usiku kuna mtu anakoroma. Harufu ya kondoo itakwisha. Njoo kabla haijaisha, ulale kwako."

Tusalimie wifi Matumelo na watoto, waambie bibi yao amewawekea ngozi ya yule jike mzee, inakaushwa. Baba mdogo anakusalimu, Ntate Seabata na watu wake wanakusalimu kwa heshima na aibu nyingi, hasa ya mbuzi. Ukija, chumba chako tutakuwa tumekwishakipaka rangi. Ni mimi, mdogo wako akupendaye,

Puseletso,
mlinzi wa mji wa baba yetu